Lori Kwenye Uwanja wa Mwalimu Eunike

Siku ya kwanza kuongea na Mwalimu Eunike, alikuwa akichora mistari ya kukimbilia kwa majivu ya jikoni, na lori langu la ndizi lilikuwa limesimama katikati ya uwanja wa shule.

"Shikamoo, mwalimu. Bodi ya shule imenikodishia hapa."

"Marahaba. Bodi haikimbii, baba. Ondoa gari."

Sikuondoa. Mkataba ninao, na huku mlimani Old Moshi mahali tambarare pa kuegesha lori ni pa kutafuta. Nikamwahidi jezi mpya kwa timu nzima. Akasema watoto wake wanakimbia kwa miguu, si kwa jezi, kisha akachora mstari hadi tairi la mbele na kuuendeleza kuanzia tairi la nyuma.

Jumamosi nikaenda sokoni kupakia. Mama Praygod, anayeniuzia ndizi miaka yote, akakaa juu ya mikungu yake asinipe.

"Hapo ulipoegesha ndipo nilipofanyia mazoezi mpaka nikashinda mkoa," akasema. "Ukihama, tutaongea bei."

Wenzake wakacheka. Karibu wote walisoma shule ile na kuiwakilisha kwenye mbio, na mwalimu alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba kuwaomba wasiniuzie.

Lori tupu halinilishi, nikaliondoa siku hiyohiyo. Mwalimu amebaki na uwanja wake, ingawa wanabodi, kwa kodi waliyoikosa, mpaka leo hawamsalimii. Mimi nimebaki na ndizi. Lori linalala Njoro, kule mjini, na kila mashindano ya wilaya linawabeba wanariadha wa mwalimu bure, maana Mama Praygod aliliingiza hilo kwenye bei.