Bi Mastura na Mbio ya Mwisho ya Vidogo

Shangazi yangu Mastura hajaendesha gari hata siku moja. Lakini ukikutana na wazee wa Changamwe, Kisauni au Likoni waliokuwa vijana miaka ya tisini ilipoanza, ukawatajia Vidogo, jambo la kwanza watakalokuuliza ni, "Bi Mastura yu hai?"

Vidogo ndivyo watu walivyoyaita mashindano ya magari ya injini ndogo, zile za sisi elfu moja na mia mbili kushuka chini. Magari mawili yalisimama sambamba kwenye barabara ya kiwanda kilichofungwa, nyuma ya Changamwe. Bendera ikishushwa, yanang'oka pamoja na kwenda moja kwa moja mpaka robo maili. Hakuna kona, hakuna kurudi. Hujahesabu ishirini, mambo yamekwisha. Waliokuwa wakishindana ni mafundi, wenye maduka, watu wa bandarini na wakulima, na gari alilokimbilia mtu Jumapili asubuhi ndilo lililompeleka kazini Jumatatu.

Marehemu baba yangu, Mwidani, ndiye aliyeyaandaa. Shangazi, dada yake mdogo, alikuwa mwalimu wa hesabu, na shuleni kwao kulikuwa na saa mbili za kupimia mbio za watoto. Baba alimwomba aje nazo Jumapili moja. Akawa anakuja nazo kwa miaka mitano. Alisimama kwenye mstari wa mwisho, saa moja kila mkono, kidole gumba juu ya kitufe. Bendera ikishuka anabonyeza zote mbili. Kila gari likivuka anasimamisha saa yake. Alilolisema Shangazi ndilo lililoandikwa daftarini, na halikuwa na rufaa.

Nimekulia kwenye hadithi zake. Alinieleza habari za Faki wa Kisauni, aliyekuwa na uchu wa kuondoka hata akaiwahi bendera mara nne msimu mmoja na kutolewa mara zote nne, na bado akashuka garini akicheka. Alinieleza habari za Dancun, mchomeleaji wa bandarini aliyetoka bara, aliyeng'oa viti vyote vya gari lake ila kimoja ili lipungue uzito, kisha mwenyewe akawa ndiye mzito kuliko viti alivyoving'oa. Na alinieleza habari za wale wawili waliokuwa juu ya wote, Jamaludin na Nyale.

Jamaludin alitoka katika nyumba ya wenye maduka ya vitambaa. Alifika uwanjani na kanzu iliyopigwa pasi, akaivua na kuikunja kwenye kiti cha nyuma, na alibadilisha gia kwa sikio tu, bila kutazama kitu. Nyale alikuwa mkulima wa huku kwetu Shika Adabu, Likoni. Aliendesha miguu mitupu, kwa maana alisema kiatu kinamficha klachi. Jamaludin alipendwa kwa sababu alishinda. Nyale alipendwa kwa sababu kila mara alikaribia kumshinda.

Kila hadithi Shangazi aliimaliza, isipokuwa ya mbio ya mwisho, Jamaludin na Nyale, mwaka wa tisini na tatu. Akifika hapo anasema tu, "Jamaludin akashinda," kisha anainuka kutafuta kazi jikoni.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Zaid alipiga simu. Zaid ni mwana wa Jamaludin, na ana duka la vipuri karibu na uwanja wa ndege. Baba yake alifariki mwaka jana, na mama yake, Bi Mahfoudha, alikuwa amekwisha kutoka eda.

"Shikamoo, mama," alisema. Shangazi alikuwa amenipa simu niishike, nami nimeiweka spika, kwa hiyo nilisikia yote. "Nataka tuwakusanye wale madereva waliobaki. Tuwaombee dua waliotangulia, tule, na tutundike ubao wenye majina ya washindi wa kila mwaka. Wewe ndiwe mwenye daftari. Tutakuomba usome."

"Inshallah, mwanangu," Shangazi alijibu. Simu ilipokatika alibaki ameutazama mlango.

Tangu siku ile hakutulia. Chakula alikigusagusa tu. Wageni walikuja akawatilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na wao kwa heshima wakainywa. Nikimtazama amekaa, namwona anabonyeza hewa kwa vidole gumba, kimoja baada ya kingine, na mwenyewe hajui. Nilimpeleka zahanati kupimwa presha. Muuguzi alisoma mashine mara mbili, akamwuliza, "Mama, kuna jambo linalokusumbua?" Shangazi akasema ni joto.

Tulipokuwa tunarudi kwa miguu alisimama katikati ya njia.

"Rania, mimi sijui nani alishinda."

"Mbio gani, Shangazi?"

"Ile ya mwisho. Sijui. Sijapata kujua."

Alinieleza pale pale, watu wakipita. Magari yalikuwa yanakuja yamelingana. Upepo ulipiga kutoka ubavuni, mtandio ukamfunika uso. Kwa hofu alibonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja. Alipoufunua uso, magari yalikuwa yamekwisha kupita, na saa zake zilikuwa sawa kama mapacha. Watu walimjia mbio wakipiga kelele, "Nani? Nani?" Baba yangu alikuwa mbele yao.

"Ulimi ukasema Jamaludin," Shangazi alisema. "Kwa kuwa ndiye niliyezoea kumtaja, basi. Halafu nikainama nikaandika namba za uongo. Kumi na saba nukta tisa, kumi na nane kamili. Nikajiambia nitamwambia kaka jioni. Jioni ikapita. Mwezi uliofuata ile barabara ikachukuliwa na malori ya makontena, na Vidogo vikafa. Nikasema basi, na hili limekufa navyo."

"Na Nyale?"

"Aliuza gari lake mwaka ule ule. Nikimwona sokoni nabadilisha njia."

Nilimwambia asiende, aseme anaumwa. Nadhani nilimwambia hivyo kwa sababu nami nilianza kuogopa. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyejibu bila kufikiri. Kesho yake baada ya alasiri alivaa buibui, akanivuta mkono, tukaenda kwa Nyale.

Nyale alikuwa nyuma ya nyumba anafua nazi. Ni mzee sasa, mabega yameanguka, lakini miguu ilikuwa mitupu vile vile. Alipomwona Shangazi alifuta mikono akatuwekea viti.

"Bi Mastura! Leo umekumbuka njia ya huku?"

Shangazi hakukaa. Alisema yote akiwa wima, upesi upesi, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Nyale hakumkatiza. Alipomaliza, mzee aliinama akatazama mguu wake wa kushoto.

"Gia ya pili," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Miaka thelathini na zaidi najilaumu gia ya pili. Nalijiambia nilichelewa kuitia. Nimeirudia kichwani nikilima, nikioga, nikiwa msikitini, Mungu anisamehe. Wanangu nimewaambia baba yenu alishindwa kwa gia ya pili." Aliinua uso. "Sasa waniambia huenda sikuchelewa."

"Sijui, Nyale. Wallahi sijui."

"Najua hujui. Ndilo baya lenyewe hilo. Kushindwa nalikuwa nimekuzoea."

Shangazi alianza kumwomba radhi. Nyale akainua mkono.

"Radhi nitakupa, lakini si leo. Leo nina hasira. Na kama wataka kulisema mbele za watu, liseme, lakini usiseme wafanya kwa ajili yangu. Mimi sikukutuma."

Tulirudi. Njia nzima Shangazi aliniuliza swali moja: "Atakuja Jumamosi kwenye dua? Waonaje, atakuja?" Nikamwambia sijui, akauliza tena.

Jumamosi tulivuka feri mapema mno. Ukumbi aliokodi Zaid ulikuwa mtupu, viti vimepangwa, na ubao umeegemezwa ukutani, mweusi, maandishi ya dhahabu. Miaka mitano, na mistari mitatu ilikuwa ya Jamaludin, wa mwisho ukiwemo. Shangazi alisimama mbele ya ubao ule mpaka watu wakaanza kuingia. Dancun alikuja na mkongojo, mnene kuliko hadithi zilivyosema. Faki alikuja akicheka. Bi Mahfoudha aliingia taratibu, wanawake wakampisha, akamkumbatia Shangazi na kumwambia, "Marehemu alikuheshimu sana." Nilimwona Shangazi akishika mgongo wa kiti.

Nyale hakuwepo.

Dua ilisomwa, chakula kikaliwa. Shangazi hakutia hata tonge mdomoni. Kisha Zaid akasema, "Mama yetu Bi Mastura sasa atatusomea." Aliinuka na daftari. Alisoma mwaka wa kwanza, watu wakapiga makofi. Akasoma wa pili, wa tatu, wa nne. Kila jina lililotajwa lilizua kelele na utani, na Dancun alilia kidogo aliposikia muda wake. Mlango wa nyuma ukafunguka. Nyale aliingia, akasimama ukutani bila kumsalimu mtu. Miguuni alikuwa amevaa viatu.

Shangazi alimwona.

"Mwaka wa tano," alisema, "mbio haikupimwa."

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Akarudia, kisha akaeleza: mtandio, vitufe, namba alizozitunga. Alisema, "Nilimtaja Jamaludin bila kujua. Huenda alishinda. Huenda alishinda Nyale. Aliyeiharibu mbio ile ni mimi, wala si mmoja wao."

Zaid alikuwa amesimama kando ya ubao, mkono wake juu ya fremu.

"Mama," alisema, "ulikuwa unangoja baba aingie kaburini ndipo useme?"

Nilitamani Shangazi apate jibu zuri. Hakulitafuta.

"Nalikuwa naogopa, mwanangu. Angekuwa hai, pengine ningeendelea kuogopa."

Mtu mmoja alimgeukia Dancun, aliyekuwa mshika bendera siku ile, akamwuliza kama aliona. Dancun akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa huko nyuma. Niliona moshi tu." Wakamtazama Nyale. Nyale akasema, "Mimi nilikuwa natazama mbele." Kisha akafungua mlango akatoka.

Bi Mahfoudha naye aliinuka, akaondoka na binti zake bila kuaga. Sisi tulibaki tukikusanya vyombo kwa sababu hatukujua la kufanya. Faki pekee ndiye aliyekuja kumshika Shangazi mkono, na kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka.

Siku kumi na mbili zilipita. Zaid hakupiga simu wala hakupokea. Shangazi alikuwa anaamka alfajiri, anaswali, kisha anakaa karibu na dirisha akisikiliza kila hatua ya mtu njiani. Mara mbili aliniuliza kama nadhani kina Zaid walimlaani. Presha ilipanda tena.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, mtu akapiga hodi. Alikuwa Bi Mahfoudha, peke yake, ametoka Changamwe na kuvuka feri katika jua lile. Shangazi alimkaribisha, na maji aliyomtilia yakafurika kutoka kwenye bilauri.

"Nina swali moja," alisema Bi Mahfoudha. "Naomba unijibu kweli. Mume wangu alijua?"

Shangazi alikaa. "Aliniuliza mara moja. Tulikutana kwenye feri, kama mwaka mmoja baadaye. Akasema, 'Dada Mastura, zile saa zako zilikuwa sawa siku ile?' Nikamwambia zilikuwa sawa. Hakuniuliza tena."

Bi Mahfoudha alifumba macho. "Basi ndiyo hiyo," alisema. "Mbio zote alizisimulia, ile hakuipenda. Watoto wakimwomba awasimulie anasema amechoka. Mimi nikidhani ni unyenyekevu. Kumbe naye alikuwa na shaka, maskini. Aliniambia siku moja alitamani warudiane, yeye na yule wa Likoni, lakini barabara ilikuwa imekwisha kuchukuliwa." Kisha akauliza, "Anakaa wapi huyo Nyale?"

"Si mbali."

"Nipelekeni."

Tulikwenda watatu. Shangazi alikuwa nyuma yetu, na kila hatua chache nilimsikia akivuta pumzi kama anayepanda ngazi. Nyale alikuwa barazani na mjukuu mdogo wa kike amelala mapajani mwake. Alipomtambua Bi Mahfoudha alitaka kusimama, mama yule akamzuia kwa mkono.

"Kaa, usimwamshe mtoto. Nimekuletea maneno ya marehemu. Alitaka mrudiane. Alilisema kwangu, kwako hakupata nafasi."

Nyale alimtazama, kisha akautazama uga wake. Kwanza nilidhani atakasirika tena.

"Gari nalikuwa nimeshauza," alisema taratibu. "Lakini ningeazima. Mwambie..." Akakumbuka kuwa hakuna wa kuambiwa. Akasema, "Karibuni mkekani. Bi Mastura, nawe pia. Mbona wasimama mbali hivyo?"

Shangazi alikaa ukingoni mwa mkeka, mgongo umenyooka. Radhi hakuiomba tena, na Nyale hakuitaja siku ile. Aliitoa mwezi uliofuata, njiani, kwa maneno mawili, akaendelea na safari zake.

Ubao umetundikwa dukani kwa Zaid. Mstari wa tano una majina yote mawili, na mbele yake pameandikwa "haikupimwa". Zaid mwenyewe alimtumia Shangazi picha, bila salamu, bila neno. Shangazi ameitazama picha ile mara nyingi. Bado huniuliza kama nadhani ipo siku kijana yule atampigia simu, nami humwambia inshallah, huku nikiomba nisiwe namdanganya.