Sanduku Yako

Marehemu mume wangu hakupata kujifunza kusema "lako" wala "zangu" wala "wetu". Alikuwa Msomali wa upande wa Wajir, Kiswahili alikiokota dukani, na kwake kila kitu kilikuwa "yangu" au "yako". Watoto yako. Chai yako. Kichwa yangu nauma. Herufi ya p ilimshinda kabisa, na v kwake ilikuwa f. Pesa zilikuwa "besa", na mimi nikiwa jikoni nilikuwa "nabika". Mimi ni mtu wa mto, wa kule chini kwenye migomba. Nilisoma chuoni juzuu chache za Kurani, kisha mama akanihitaji shambani. Mwanzoni nilijaribu kumsahihisha mume wangu, naye alinicheka. Baadaye nikaacha, na nikawa naelewa anachokusudia hata kabla hajamaliza kusema.

Alikuwa na duka dogo hapa Garissa, karibu na njia ya kuteremkia kivukoni. Aliuza sukari, majani ya chai, tumbaku na nguo za marekani. Wachungaji walimletea ngozi na samli, na walipokuwa na pesa zilikuwa pesa za kila namna. Kutoka Diff zilikuja za Mtaliana. Kutoka Bute zilikuja fedha za Uhabeshi, zenye simba aliyevaa taji. Wengine walifukua rupia ambazo serikali ilikwisha kuziondoa, wakashangaa kuambiwa kwamba hazinunui tena hata kiberiti. Wenye maduka wenzake walizipeleka fedha za namna hiyo kwa sonara zikawe bangili. Mume wangu hakuweza. Alisema kuyeyusha sura ya mtu ni kama kumzika naye bado anakutazama.

Basi akaanza kuziweka. Kwanza zilikaa katika pindo la kikoi chake, kisha katika kopo la tumbaku, na kopo hilo lilikaa kwangu, chini ya kitanda. Nakumbuka jinsi nilivyolipenda lile kopo. Jioni alilivuta, akazipanga sarafu juu ya mkeka, akaniambia huyu mfalme ni baba wa yule, na huyu mama mnene ni malkia wa nchi ya mbali ambaye alikwisha kufa kabla babu zetu hawajazaliwa, lakini Waarabu bado wanamwamini kuliko walio hai.

Nyumba yangu ilikuwa karibu na mto, na mto ukijaa, unyevu hupanda ukutani kama mchwa. Kopo likashika kutu. Shaba zikaota ukoko wa kijani. Tena watoto wangu waligundua kwamba senti zenye tundu katikati zinapita vizuri kwenye uzi, wakawa wanazizungusha uani zivume. Mume wangu aliziokota mavumbini moja moja, bila kumpiga mtu, akanitazama kwa huruma iliyoniudhi.

"Nyumba yako maji, mama watoto," akasema. "Besa nakufa humu."

Siku ile ile akalichukua kopo akalipeleka kwa bi mdogo, mke wake wa pili.

Bi mdogo alikuwa ametokea Diff. Nyumba yake ilikuwa juu, kwenye mchanga mkavu, upande ambao siku hizi unaitwa Iftin. Hakuwa na mtoto, na miaka ilipita hakupata. Aliniita abayo, yaani dada, nami sikuweza kumshika kwa kosa lolote la heshima. Hilo nalo lilikuwa mzigo. Mke mwenza mwenye matusi humpumzisha mwenzake, kwa kuwa anampa sababu.

Nitasema ukweli juu ya kazi yake, maana niliiona. Wanawake wa kwao hufukiza vyombo vya maziwa kwa makaa ya mti maalumu ili maziwa yasiharibike, na yeye alikifukiza chombo kimoja cha kusukwa, akakiacha kipoe hadi kiwe kikavu kabisa, ndipo akaziweka shaba humo. Fedha hakuzichanganya nazo. Kila moja aliifunga katika kitambaa chake. Hakuzishika kwa mkono wenye samli, wala hakuruhusu mtu azisugue kwa ndimu na majivu zing'ae, kama nilivyokuwa nikifanya mimi kumfurahisha mume wangu, naye hakuwa amenikataza. Kijani hakikuonekana tena.

Vilipokuja vita vya Mtaliana, askari walipita Garissa wengi mno: makaburu, Wahindi, Waafrika wa magharibi waliosema lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wote walikunywa chai, na mifukoni mwao mlikuwa na sura mpya. Mume wangu alikuwa kama mtoto siku ya Idi. Aliwauzia sigara, akawaomba wamlipe kwa sarafu za kwao. Chombo cha maziwa kikajaa, cha pili kikajaa. Askari walipoondoka waliacha masanduku ya risasi, ya mbao nzito yenye kifuniko cha bawaba, na mume wangu akanunua moja. Bi mdogo akaligawa ndani kwa vipande vya ngozi kavu, kila nchi na chumba chake.

Kuanzia hapo wivu wangu ukawa na mahali pa kukaa. Sheria yetu inampa kila mke usiku wake, na mume wangu hakuniibia hata usiku mmoja; Mungu ni shahidi. Lakini alasiri hapakuwa na sheria. Alifunga duka, akapanda juu "kusalimu besa", na magharibi akateremka kwangu akinuka ule moshi. Nguo zake zilinuka nyumba nyingine katika zamu yangu. Nilimwambia.

"Mimi naangalia besa tu," akasema. "Besa haina nyonga, mama watoto."

"Ina kichwa."

"Kichwa ya mfalme. Mzee, na ndefu."

"Na yule mama mnene? Kifua chake nimekiona."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. "Yule nakufa zamani. Wewe mwanamke gani naonea wifu maiti?"

Nami nilicheka. Lakini ni kweli, nilimwonea wivu hata yule malkia.

Kuna jambo moja nililojaribu. Mama yangu aliniachia pesa ya shaba ya zamani, ya Mombasa, yenye picha ya mizani. Babu yake alikuwa ameipata pwani, na kwetu haikuwahi kutumika wala kutupwa. Nilijua mume wangu hana ya namna hiyo. Niliitunza mpaka siku ya zamu yangu, nikaiweka kwenye kisahani kando ya kikombe chake. Nilitumaini ataiacha kwangu. Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba kutoka kwa ile moja tungeanza upya chini ya kitanda changu.

Aliiinua, akaigeuza, machozi yakamjaa machoni. Alinibusu mkono, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi ovyo. Kisha akavaa viatu.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Nabeleka juu kabla haijashika maji."

Chai ikapoa. Niliimwaga nje.

Alipougua alikuwa kwangu. Homa ilimshika katika zamu yangu na haikumwacha, na bi mdogo alikuwa akiteremka asubuhi kumtazama. Mbele yangu wao wawili walizungumza Kiswahili, ili nisidhani wananisengenya. Asubuhi moja nilikuwa namfuta mume wangu shingo kwa kitambaa cha maji, bi mdogo ameketi miguuni pake. Mume wangu akamtazama kwa muda mrefu, akamwambia kwa sauti ya kutosha:

"Sanduku yako. Chunga."

Bi mdogo akainamisha kichwa. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Mume wangu hakulitaja sanduku tena, na kabla ya Ijumaa tulimzika.

Tulikaa eda, kila mmoja kwake. Eda ikiwa bado, sheikh alikuja kwangu kugawa mali akiwa na shemeji yangu, ndugu wa marehemu, na bi mdogo akateremka. Sisi wawili tulikaa nyuma ya pazia, magoti yetu karibu kugusana. Duka liligawiwa bila shida, na mbuzi pia. Walipofika kwenye sanduku, bi mdogo akasema kwa upole kwamba hilo limekwisha kuwa lake, alipewa na marehemu mwenyewe.

"Alikupa hiba, uwe nalo moja kwa moja," sheikh akauliza, "au alikuwekea amana?"

"Alisema ni yangu."

Shemeji akaguna. "Kila mjane alipewa kitu kitandani. Shahidi nani?"

Bi mdogo hakusita. "Abayo alikuwapo. Yeye hasemi uwongo."

Sijui kama aliyesema hivyo alijua ananifanya nini. Nilimtazama, alikuwa ametazama chini, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyekwisha kulipwa.

"Mama," sheikh akaniita, "ulisikia nini?"

"Nilisikia akimwambia: Sanduku yako. Chunga."

"Basi ni lake," sheikh akasema.

"Subiri kidogo, sheikh," shemeji akadakia. "Ndugu yangu Kiswahili chake unakijua. Na anayeambiwa chunga, huchunga ngamia wa nani? Wake?"

Sheikh alikuwa mtu wa pwani, mwenye Kiswahili safi, na nadhani jambo lile lilimpendeza kidogo. Akafikiri, akageukia pazia. "Wewe ndiye uliyeishi naye muda mrefu zaidi. Akisema kitu ni yako, alikuwa akikusudia nini?"

Ningeweza kusema, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Lingekuwa jibu halali, na sanduku lingebaki juu kwenye mchanga. Lakini nilikuwa najua jibu. Nililijua kama ninavyojua jina langu.

"Kila alipokwenda Wajir kununua ngozi," nikasema, "alinipa funguo akaniambia: Duka yako. Akirudi alizichukua. Watoto akiwaacha na dada yake alimwambia: Watoto yako. Kwake yako ilikuwa, angalia mpaka nije."

Bi mdogo aliondoa goti lake karibu na langu. Hakufanya ghafla. Aliliondoa tu.

Sheikh akaamua kwamba ni amana, na amana hurudi kwa warithi. Warithi wengi ni watoto, na watoto ni wangu; fungu la bi mdogo likafidiwa kwa mbuzi. Sanduku likateremshwa siku ile kwa punda, likaingia nyumbani kwangu.

Nimelifikiria jambo hili katika maombolezo yangu kuliko nilivyomfikiria marehemu, na hilo linanitia aibu. Sikusema uwongo. Hakuna neno moja nililoliongeza. Lakini najua jinsi mdomo wangu ulivyokuwa mtamu wakati nasema. Na kuna swali ambalo sheikh hakuniuliza: je, mtu anayejua kwamba harudi, naye akasema "yako", bado anakusudia mpaka nije?

Eda ilipokwisha, kaka zake bi mdogo walikuja kumrudisha Diff. Kabla ya kuondoka alipita kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, nikawa nimejiandaa. Aliketi, akalitazama sanduku pale nilipoliweka, juu ya mawe mawili pembeni mwa chumba.

"Umelitoa chini, vizuri," akasema. "Mbali na ukuta kidogo. Masika usilifungue kabisa."

"Haya."

"Usizioshe, hata zikiwa nyeusi. Fedha ikiwa nyeusi imelala tu, haiumwi. Mkono ukitoka jikoni, paka majivu makavu, pangusa, ndipo ushike."

"Na shaba?"

"Shaba ndizo zinazokufa. Zitazame kila kiangazi. Ukiona kijani, toa hiyo peke yake, isiambukize wenzake."

Alizungumza hivyo muda mrefu, kama anayeacha mtoto kwa jirani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ulisema kweli, abayo. Ungesema uwongo ningelala usingizi."

Nilimmiminia chai. Nilitaka kumwambia achukue hata moja, yoyote, aichague mwenyewe. Neno lilifika kwenye meno. Nikajiambia kwamba hiyo ni mali ya mayatima, na mali ya yatima haiguswi. Lakini sehemu yangu mimi pia ilikuwa humo, na katika hiyo ningeweza kumpa bila kumuuliza mtu. Nilijua hivyo nikiwa bado nimeshika birika. Nilimwongeza sukari. Alikunywa nusu, akanishika bega, akaenda.

Alipokwisha kupita kona nilifunga mlango, nikalifungua sanduku. Nilitaka kuziona zote peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu lile kopo la tumbaku. Nilifungua vitambaa kimoja kimoja; vilikuwa vipande vya shash, kile kilemba cheusi ambacho wanawake wa kwao huvaa wakiolewa. Nilizipanga sarafu juu ya mkeka kama alivyokuwa akifanya. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Nyingine sikujua ni za nani, wala nani ni baba wa nani, wala ipi ilikaa na ipi. Zote zilinuka ule moshi.

Zilipoanza kunichosha nikazirudisha. Nilifunga kila fedha katika kitambaa, nikaweka ngozi katikati, nikajaribu kukumbuka. Zikabaki nyingine mkekani na sanduku limekwisha kujaa. Nikazitoa tena, nikakunja vitambaa vidogo zaidi, nikapanga upya. Kwa bi mdogo zote zilienea humo, na nafasi ikabaki. Mimi kifuniko kilikataa kushuka. Nilikikalia, kikapiga kelele, kikainuka tena.

Mpaka leo kuna jiwe juu yake.