Inanga Haitaki Kelele

Mke wangu alipohamia kwa mama yake, mtaa wa Carama, na watoto wetu wawili, hakugombana. Alisema maneno machache tu, tena akiwa anakunja nguo: "Nitarudi siku utajua kunisemesha bila kartiye yote kusikia."

Nikapandwa na hasira, nikamjibu kwamba mimi sipigi kelele. Mtaa mzima ulisikia.

Nijitetee kidogo. Mimi ni fundi magari, garaji yetu iko Jabe, na mtu akishinda miaka kumi na tano kati ya injini na nyundo, sauti yake hukua yenyewe. Lakini hasira si ya injini. Hiyo nilikuja nayo mwenyewe.

Nyumba ilipobaki na mimi na redio, nilimkosa mke wangu vibaya sana. Nikaanza kutafuta utulivu. Mteja mmoja wa ofisini alinishauri niende ufukweni Kajaga Jumapili, nikae mchangani, nifumbe macho, nivute pumzi. Nilikwenda. Nilikaa dakika tano nikijibizana na mke wangu kichwani, kisha nikagombana na muuza samaki wa ndagala aliyekanyaga kiatu changu. Nikarudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyotoka.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa hesabu mwenye gari la kizee. Siku moja, wakati nahangaika na karbureta yake, alitoa inanga kwenye buti: ubao mpana uliochimbwa kama sinia refu, na uzi mmoja uliopitishwa huku na huku hadi ukawa nyuzi nane. Akaanza kupiga. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sauti siisikii, nikafikiri anasali. Nikazima injini. Ndipo nikatambua kwamba anaimba kwa kunong'ona, kwa sababu inanga huimbwa hivyo; ukipaza sauti unazifunika nyuzi na muziki unaishia hapo. Nilimwomba anifundishe palepale, mikono ikiwa na grisi.

Alikubali, kila Jumamosi alasiri. Wiki ya kwanza nilitaka kuuvunja ule ubao. Kwa vile uzi ni mmoja, ukivuta hapa kwa nguvu, kule unalegea, na kuvuta kwa nguvu ndiyo kazi inayonilisha. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema nguvu hizo nizibakize kwa magurudumu.

Taratibu vidole vikapata njia. Nikitoka kazini nilikuwa naoga, natandika mkeka uani, narudia zile sauti mbili tatu nilizozijua mpaka kichwa kinyamaze. Sijui nilieleze vipi jambo hili. Vidole vikiwa na kazi, ule ugomvi wa kichwani ulikosa mtu wa kuusikiliza, nami nikabaki napumua tu. Nilifurahi kama mtu aliyepona jino.

Baadaye mwalimu alinitaka ninong'one chochote, hata niliyoyaona mchana. Nikaanza na plagi na matairi. Baada ya wiki kadhaa nikajikuta nanong'ona mambo ya nyumbani.

Jumapili moja mke wangu alikuja kuchukua sare za shule za watoto. Sikumwona. Nilikuwa nimeinamia inanga, nikimwambia yeye, nikidhani yuko Carama, kwamba siku ile nilipomfokea mbele ya mama yake kwa ajili ya maharage yaliyoungua, nilikuwa nimeharibu injini ya mtu kazini na nikaona aibu kumwambia. Kwamba alilia jikoni nami nikajifanya sisikii. Kwamba maharage yenyewe niliyala yote.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ametega sikio. Akasogea, akaketi kwenye ukingo wa mkeka.

"Pale mwisho sijasikia muzuri," alisema. "Rudilia, lakini vile vile pole pole."

Nikarudia. Nikakosea nyuzi mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani kutazama kama kuna makaa, kisha akaniambia niende Carama nikawalete watoto.