Makaa Chini ya Majivu

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka chuo, Dodoma mjini, na macho yake ndiyo yaliyonirudisha utotoni, kwenye tembe la bibi yangu hapa Gulwe. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Nikamtania, maana mjukuu wa kike ni mke wangu: "Mke wangu, nani kakuliza?"

"Hakuna, mume mzee. Silali tu. Nikizima taa nashika simu, nasema dakika tano, nashtukia jogoo anawika. Moyo unakwenda mbio bila sababu. Darasani siingizi kitu. Naogopa nitarudia mwaka."

Mimi niliacha shule darasa la tatu nikafuata ng'ombe, dawa ya vitabuni sina. Ninachokijua ni moto.

Tembe la bibi lilikuwa na paa la udongo, tambarare, mvua zikinyesha linaota nyasi na mbuzi wanapanda kula. Kuna beberu mmoja alituangukia ndani, lakini huyo tumwache. Jioni, ndama wakishafungwa, tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, tukajilaza kwenye ngozi ya ng'ombe tukitazama makaa. Ndugu yangu, makaa yana mambo. Yanapumua, yanageuka vilima, yanageuka watu. Treni inalia huko mbali, inapita, inaacha kimya. Kisha bibi huchukua kigae, anayafukia makaa kwa majivu, polepole, kama anafunika mtoto. "Moto umelala," anasema. Baada ya hapo hakuna anayeongea. Giza linanukia maziwa na moshi, na usingizi unakuchukua hujamaliza hata kujigeuza.

Siku moja sikutaka yaishe. Wenzangu walipokoroma nikafukua majivu kwa kijiti, nikakaa na makaa yangu peke yangu mpaka yakazimika. Asubuhi bibi akachimba, akakuta baridi. Hakunipiga. Alinipa kigae nikaombe moto kwa mama jirani, naye akaniuliza mbele ya watu, "Kwenu jana kulikuwa na ngoma?" Mchana nikasinzia machungani, ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa watu. Hapo ndipo nilipopigwa.

Mjukuu alisikiliza yote. "Kumbe na wewe, babu."

"Na mimi."

Nikamletea chungu cha bibi, kitu chake pekee nilichobakiwa nacho. Akaiweka simu ndani, nikafunika. Jioni ya kwanza alinisumbua: "Mume mzee, funua kidogo tu, nione kitu kimoja." Nikakataa. Ya pili akanuna. Ya tatu aliiweka mwenyewe, akalala, akaniambia kwa sauti nzito, "Sema yale maneno ya bibi." Nikasema moto umelala. Chungu kikanguruma mara moja, na yeye hakujigeuza. Nilikaa nikisikiliza anavyopumua.

Jumatatu amepanda basi kurudi chuoni, chungu kakifunga kwenye kanga, kakipakata.

Tembe lilishaanguka. Mimi nakaa kwenye nyumba ya bati, napikia gesi, majivu humu ndani hakuna hata ya kusugulia sufuria. Jioni simu yangu inawaka pale mezani, watu wanapigana mieleka, natazama, natazama. Nasema dakika tano. Chungu kimeondoka, na wa kuniambia moto umelala hayupo.