Zimwi la Yaya

Juzi, kwenye soko la Likasi, niliokota kitabu cha picha juu ya turubai la muuza vitabu vikuukuu. Kilinuka ukungu na mafuta ya taa, na mara nikawa tena mtoto wa mtaa wa Shituru, penye kiwanda cha shaba, nimekaa kwenye ngazi ya jikoni kando ya dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya.

Tulikuwa na kitabu kimoja tu cha namna hiyo, cha zimwi la ziwani, kurasa zake zimelainika kama kitambaa. Yaya alikisoma kwa Kifaransa, akinigeuzia kwa Kiswahili huku akimenya mihogo. Mwishoni zimwi lilizama, na chini waliandika kwamba hadithi itaendelea. Kitabu cha pili hakikutufikia kamwe.

"Yaya, ilikufa?"

"Hapana, iko nalala tu mu mayi. Kesho italamuka."

Kesho yake likaamka, kinywani mwa Yaya. Lilivuka reli, likaingia kiwandani, likanywa maji ya kijani ya shaba, nami nikimng'ang'ania sketi kwa hofu tamu. Kila alipomenya mihogo, lilirudi.

Kile cha sokoni ndicho kitabu cha pili. Nilikisoma palepale juani. Zimwi linachomwa moto kwenye kurasa za mwanzo, kisha hadithi inawafuata watu wengine.

"Unakamata ile, mama?" muuzaji akauliza.

"Nakamata," nikamjibu, nikamlipa.

Nilitamani kumpelekea Yaya, nimsikie akicheka, akisema waliolichora hawakulijua hata kidogo.