Daktari wa ng'ombe aliyefungiwa geti na magari ya mashabiki

Ni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi, na ukungu bado umetanda juu ya mashamba ya chai. Edinah Chelangat anatumbukiza kijiti kwenye mtungi wa naitrojeni unaohifadhi mbegu za fahali, anakitoa, anatazama kiasi cha naitrojeni kilichobaki, kisha anafunga kifuniko. Anapakia kamba, glavu ndefu na ndoo ndani ya Probox yake kuukuu.

Hakuna mkulima aliyempigia simu. Hata hivyo anaendesha gari hadi uga wa kanisa, karibu nusu kilomita kutoka nyumbani, analiegesha likiwa limeelekea barabarani, halafu anarudi kwa miguu kunywa chai.

"Leo kuna mpira," anasema. "Ikifika saa nne, hapa kwetu hata mkokoteni hautapita."

Edinah, 43, ni mhudumu wa mifugo. Ana stashahada, lakini wakulima wapatao 160 kati ya mji wa Kericho na Kapsoit humwita daktari. Hupandikiza ng'ombe mbegu, hutibu magonjwa ya kiwele na kuzalisha ng'ombe walioshindwa kuzaa. Siku nzuri hurudi nyumbani na Sh4,000 kabla ya kutoa za mafuta.

Yeye na mumewe, Kipkemboi, ambaye ni fundi wa mabomba, walijenga nyumba yao miaka kumi na mitano iliyopita kwenye kichochoro chenye nyumba kumi na nne. Wakati huo, jirani yao alikuwa uwanja wa mpira wa nyasi tu, uliozungushiwa ua wa michongoma. Baadaye yakaja majukwaa na taa, na pamoja nayo magari. Mwaka jana pekee, Edinah alihesabu siku kumi na moja ambazo kichochoro chao kilijaa pande zote mbili.

Siku moja kati ya hizo haimtoki akilini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni, siku ya fainali. Saa nane mchana simu yake ililia. Alikuwa Wacera, mama yake Ryan, mfanyabiashara wa nguo za mitumba anayeishi Kapsoit na kufuga ng'ombe mmoja.

"Daktari, miguu ya ndama imetoka, lakini kichwa sioni," Wacera alimwambia. "Tuvute?"

"Msivute, Mama Ryan. Kichwa kimegeuka nyuma. Ningojeeni, nakuja saa hii."

Alipofungua geti, alikuta gari jeupe la abiria saba limeegeshwa likiwa limeziba njia yote. Alipiga honi ya Probox mpaka majirani wakatoka nje, lakini mwenye gari hakuonekana. Akakimbia hadi mlango wa uwanja, ambako mlinzi aitwaye Obure alimwomba tiketi.

"Nilimwambia sikuja kutazama mpira, kuna ng'ombe anakufa," anakumbuka Edinah. "Aliniangalia, akaona nimevaa gambuti. Akaniambia, 'Pita, madam.'"

Namba ya gari ilisomwa kwenye kipaza sauti mara tatu. Mara ya tatu, goli lilifungwa na hakuna aliyesikia kitu.

Edinah alirudi nyumbani, akajitwika begi la vifaa mgongoni na kutembea hadi barabara kuu. Pikipiki zote za karibu zilikuwa zimebeba mashabiki. Alipata moja baada ya kutembea nusu saa. Alifika Kapsoit saa kumi.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, amechoka kusukuma. Edinah alilala chini kwenye matope, akaingiza mkono, na baada ya dakika arobaini akafaulu kukigeuza kichwa. Ndama alitoka amekufa. Alikuwa jike.

Mama yake alinusurika, ingawa hakusimama kwa siku mbili.

"Wacera hakunilaumu," Edinah anasema. "Aliniletea maji ya moto na sabuni ninawe. Afadhali angenipigia kelele."

Aliporudi nyumbani jioni, gari jeupe lilikuwa lingali pale. Mwenyewe, mwalimu kijana aitwaye Kepher, alikuwa anatafuta ufunguo mfukoni. "Pole, madam, sikujua kuna mtu anatoka hapa," alisema, kisha akaona damu kwenye koti la Edinah.

"Nilimwambia kila kitu, polepole, kama ninayesoma ripoti. Akaniuliza hiyo boma iko wapi."

Kesho yake Kepher alifika Kapsoit na magunia mawili ya chakula cha ng'ombe. "Alikaa, akakunywa chai," anasema Wacera. "Hakuwa na maneno mingi. Lakini alikuja."

Wiki iliyofuata, Edinah alibisha hodi kwenye nyumba zote za kichochoro. Alimkuta mwalimu mstaafu anayetumia kiti cha magurudumu, na mama aliyejifungulia jikoni kwa sababu teksi haikuweza kuingia. Walienda kwa chifu pamoja. Ilichukua miezi minne na mikutano mitano. Sasa, siku za mechi, kamba hufungwa mwanzoni mwa kichochoro, na wakazi wawili hukaa hapo kwa zamu wakielekeza magari kwenye uga wa shule.

Je, kamba inasaidia? "Watu wengi huiheshimu. Wengine hushuka wakaifungua," anasema Edinah. Wiki tatu zilizopita mtu aliikata kwa kisu. Ndiyo maana bado huegesha Probox kanisani siku za mechi.

Ng'ombe wa Wacera amebeba mimba tena. Edinah mwenyewe ndiye aliyempandikiza mbegu, na kwa hesabu yake atazaa mwisho wa mwezi ujao, siku zile zile za mashindano ya riadha ya hapo uwanjani, ambayo tayari yametangazwa kwa mabango mjini.

Amekwishapanga. Ijumaa ya mashindano atahamia Kapsoit na blanketi lake, na Wacera ameahidi kumtandikia kitanda cha Ryan, mwanawe aliye shule ya bweni.

"Mume wangu ameniuliza, na kama ng'ombe hatazaa hiyo wikendi?" anasema Edinah, akitabasamu. "Nikamwambia, basi nitakaa huko mpaka azae. Ndama huyu atanikuta mlangoni."