Chaki Ndani ya Koti

Mama mdogo, aliyenilea, alikuwa fundi cherehani katika duka la nguo, na mwaka ule macho yake yalianza kumsaliti. Kila asubuhi, kabla sijaenda chuoni, nilimtungia uzi kwenye sindano kadhaa za kumfikisha jioni. Kazi pekee dukani isiyohitaji macho makali ilikuwa kaunta, na wateja wengi walikuwa wageni wanaozungumza Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba.

Basi akajifunza kwa nyimbo za Kiingereza za redioni. Mguu ukikanyaga cherehani, sikio linanasa msemo, mkono unauandika kwa chaki ndani ya nguo, mahali pasipoonekana. Jioni ananiuliza.

"We msomi, wanaposema 'hang in there', maana yake nini?"

"Kuning'inia, mama. Kama nguo kwenye kamba."

"Ada yangu imeliwa bure! Mtu kaachwa na mpenzi, aning'inie kwenye kamba ili iweje? Anaambiwa avumilie, asikate tamaa."

Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa na kamusi. Yeye alikuwa na wimbo mzima.

Siku moja akasahau kufuta. Mteja mmoja mgeni akarudi na koti, bitana imegeuzwa nje, maneno yale yale meupe peee.

"Nani kachora koti la watu?" mwenye duka akafoka.

Mama mdogo aliinuka akijua kaunta imeota mbawa, na huenda hata cherehani. "Ni mimi, kaka." Akamgeukia mgeni, akamwomba radhi kwa Kiingereza, akamweleza habari za redio na za macho.

Mgeni alimsikiliza, kisha naye akaeleza. Mkewe alikuwa amelazwa. Wiki nzima alikuwa akilala kwenye benchi la wodi, amejifunika koti lile. Jana ndipo alipoyaona yale maneno.

"Anasemaje?" mwenye duka akanong'ona. "Anataka hela zake?"

"Hapana. Anataka uzi. Anaogopa chaki itafutika."

Mwenye duka akawatazama wote wawili, sasa yeye ndiye mgeni katika duka lake mwenyewe. "Jumatatu ukae kaunta, dada," akasema. "Mimi nimechoka kutikisa kichwa tu wageni wakiongea."

Mshono wake wa mwisho ukawa maneno yale, herufi kubwa kubwa ili aweze kuziona. Alichagua uzi wa bluu. Nilimtungia mimi, na hadi leo nashukuru kwamba mkono wangu ulikuwepo.